Vita Visivyo na Uwanja: Nyaraka za Ukoloni na Kumbukumbu ya Karatu na Ngorongoro

Katika sakafu ya kreta ya Ngorongoro, jirani na mto Munge, yamebaki mawe ya nyumba iliyojengwa na mlowezi wa Kijerumani, Adolf Siedentopf, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Magari ya watalii hupita hapo asubuhi yakitafuta faru. Waongozaji huyaonyesha mawe hayo kwa kidole, hutaja kuwa ni nyumba ya Mjerumani, kisha safari huendelea. Ni nadra mgeni kuuliza nyumba hiyo ilijengwa juu ya ardhi ya nani, kwa kibali cha nani, na waliokuwa wakichunga hapo kabla yake walikwenda wapi.

Maswali hayo yana majibu, ingawa majibu yenyewe yametawanyika. Sehemu yake imo katika majalada ya Kijerumani yanayotunzwa Dar es Salaam na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo chini ya Ofisi ya Rais. Sehemu nyingine imo Berlin. Sehemu iliyobaki imo vifuani mwa wazee wa Kimasai, Kidatoga, Kiiraqw na Kihadzabe wa wilaya za Ngorongoro na Karatu, nayo hupungua kila mzee mmoja anapozikwa.

Kwa kawaida, kumbukumbu ya vita vya kikoloni nchini husimuliwa kwa majina machache makubwa. Watoto wa shule husoma habari za Mtwa Mkwawa wa Wahehe, ambaye fuvu lake lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 na kurejeshwa Kalenga mwaka 1954. Husoma habari za Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Zaidi ya yote husoma Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo watafiti wamekadiria kuwa vilisababisha vifo vya watu wanaofikia 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala. Mwalimu Julius Nyerere aliitaja Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 alipokuwa akidai uhuru. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipeleka wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee walioiona. Taifa changa lilihitaji historia ya pamoja, na likaipata kusini.

Nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro hazina Kalenga yao wala Songea yao. Ukoloni uliingia huko ukifuata nyayo za sotoka, ndui na njaa, kisha ukajikita kwa hati za kukodisha ardhi, kodi ya nyumba na mistari ya mipaka iliyochorwa kwenye ramani. Kwa kuwa hapakuwa na uwanja wa mapambano wa kuonyeshwa, eneo hilo limebaki pembezoni mwa simulizi ya taifa kuhusu vita vya ukoloni, huku likiwa katikati kabisa ya simulizi ya taifa kuhusu utalii. Hapo ndipo nyaraka za Serikali zinapopata uzito wake.

Machi 1892

Mzungu wa kwanza anayejulikana kwa maandishi kuifikia kreta ni Oscar Baumann, raia wa Austria aliyeongoza msafara uliogharimiwa na kamati ya Kijerumani iliyojitangaza kuwa ya kupinga biashara ya watumwa. Alifika Machi 18, 1892. Kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1894 kinaeleza mandhari ya kreta kwa mshangao, lakini kinaeleza pia jambo ambalo vijitabu vya watalii havinukuu mara kwa mara. Kambi yake ilizingirwa na watu waliokuwa wakifa njaa. Walikuwapo wanawake waliokonda wakabaki mifupa, na vijana wa kimorani walioshindwa kusimama wima.

Sotoka ilikuwa imefika Umasaini katika miaka ya 1890 na 1891 na kuteketeza karibu ng'ombe wote. Ndui ikafuata. Wamasai wanazikumbuka nyakati hizo kwa jina la Emutai, yaani maangamizi. Jamii iliyokuwa ikiogopwa na misafara ya pwani kwa miongo mingi ilijikuta haina maziwa ya watoto, achilia mbali nguvu za kukabiliana na jeshi. Utawala wa Kijerumani ulipojiimarisha Moshi na Arusha miaka michache baadaye, haukuhitaji kupigana vita vikubwa ili kuimiliki Ngorongoro. Ulikuta nyumba ambayo wenyewe walikuwa wamezidiwa.

Mashariki kidogo mambo hayakuwa hivyo. Katika mwaka 1896, baada ya wamisionari wawili wa Kilutheri kuuawa Akeri, Wameru na Waarusha walishambuliwa na vikosi vya Kapteni Kurt Johannes, vijiji vikachomwa na mifugo ikachukuliwa. Boma la Arusha, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa muda mfupi baada ya mashambulizi hayo, na wenyeji ndio waliolazimishwa kulijenga. Simulizi za Meru na Arusha zinatajika kwa sababu zina tarehe, zina maiti na zina jengo. Maangamizi ya Ngorongoro yalikuwa na maiti wengi zaidi, ila hayakuwa na amri ya kijeshi iliyoandikwa.

Swali la mwanahistoria ni kama maangamizi hayo yahesabiwe kuwa sehemu ya vita vya kikoloni. Ugonjwa wa mifugo hauna bendera. Hata hivyo, kilichofuata baada ya ugonjwa kilikuwa uamuzi wa watu. Ardhi iliyoachwa na wafugaji waliokufa au kukimbilia kwa majirani ilihesabiwa na utawala mpya kuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Amri ya mwaka 1895 ilikwisha kutangaza kuwa ardhi ya namna hiyo ni mali ya dola ya Kijerumani. Maneno hayo matatu, "isiyo na mwenyewe", yalifanya kazi ambayo kwingine ilifanywa na bunduki.

Ndivyo ndugu wawili, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walivyoweza kuanzisha ufugaji ndani ya kreta. Walifuga ng'ombe, wakajaribu mbuni, na walijaribu pia kuwafukuza nyumbu ili mifugo yao ipate malisho. Wamasai waliobaki waliajiriwa kuwachungia. Utawala uliwatengea Wamasai eneo maalumu kusini mwa barabara ya Moshi na Arusha na kuwataka wahamie huko, ingawa wengi walirejea nyanda za juu kila walipopata mwanya. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika kaskazini, walowezi hao waliondoka. Shamba lilitwaliwa na Waingereza kama mali ya adui na baadaye likauzwa.

Wamasai wenyewe walikuta wengine. Wadatoga wanaikumbuka Ngorongoro kuwa nyumba yao kabla ya Wamasai kuwaondoa katika karne ya 19, na bado wanayataja makaburi ya wakuu wao yaliyobaki huko. Jalada la Kijerumani halianzi na Wadatoga, kwa kuwa lilianza kuandikwa pale mlowezi alipohitaji mpaka wa shamba. Anayetegemea jalada peke yake huanza kusoma hadithi ikiwa katikati.

Karatu, mahali ambapo kumbukumbu hazifanani

Barabara inayopanda kutoka Mto wa Mbu kwenda lango la Ngorongoro inapita Karatu, mji wenye pilikapilika wa hoteli, maduka ya vipuri na soko la vitunguu vinavyotoka Mang'ola. Wilaya hii ilimegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990. Wakazi wake wengi ni Wairaqw, ambao wazee wao walitoka Mbulu wakaenea taratibu kaskazini.

Kuenea huko kuna uhusiano wa moja kwa moja na mwaka 1892. Kabla ya sotoka, nyanda za Karatu zilikuwa malisho ya Wamasai, na Wairaqw walijibana katika milima ya Mbulu, ambako walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima ili ng'ombe wao wasionekane na wavamizi. Wamasai walipodhoofika, njia ilifunguka. Utawala wa Kijerumani, na baadaye wa Kiingereza, uliona faida ya kuwa na wakulima wanaolipa kodi mahali palipokuwa na wafugaji wasiotulia, ukauacha mwendo huo uendelee na mara nyingine ukauhimiza. Kwa hiyo tukio lile lile ambalo Mmasai wa Ngorongoro hulisimulia kama maangamizi, kwa Mwiraqw wa Karatu ni mwanzo wa ukoo wake kupata shamba. Si jambo la kuonea haya, wala si la kufichwa. Ni jambo la kuandikwa kwa usahihi, maana pasipo maandishi kila upande hubaki na nusu yake.

Wairaqw nao walionja utawala huo. Boma la Mbulu lilipojengwa, kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1898 iliwafikia, na wasiokuwa na fedha waliilipa kwa kazi. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mapigano yaliyoandikwa vitabuni yalikuwa Longido, Novemba 1914, na Kondoa, mwaka 1916, kaskazini na kusini mwa nyanda hizi. Wapagazi waliokufa kwa homa na njaa wakiyafuata majeshi hayo, makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki yote, hawana orodha kamili ya majina katika hifadhi yoyote. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawaheshimu pamoja na wenzao waliobeba bunduki, bila kuwataja mmoja mmoja.

Halafu kuna Oldeani. Waingereza waliporuhusu Wajerumani kurudi Tanganyika mwaka 1925, miteremko hiyo ikawa mojawapo ya makazi yao makuu ya kilimo cha kahawa. Katika miaka ya 1930, wakati utawala wa Hitler ukidai kurejeshewa makoloni, baadhi ya walowezi wa huko waliunga mkono chama chake waziwazi. Vita vya Pili vilipotangazwa Septemba 1939 wanaume wao walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mashamba yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Leo baadhi ya mashamba hayo yanaendelea kutoa kahawa, na nyumba moja ya shamba iliyojengwa mwaka 1929 imekuwa hoteli mashuhuri. Mgeni anaelezwa umri wa nyumba na uzuri wa bustani. Majalada yanayoonyesha jinsi ardhi ilivyotoka mkono mmoja kwenda mwingine, mara mbili katika vita viwili, ni miongoni mwa nyaraka zenye thamani kubwa kwa yeyote anayetaka kuelewa umiliki wa ardhi Karatu.

Ziwa Eyasi nalo lina sura yake. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen, mwanachama wa chama cha Nazi, aliongoza misafara huko katika miaka ya 1930. Mwaka 1935 alipata vipande vya fuvu la binadamu wa kale kando ya ziwa, na katika safari zake aliandika hadithi nyingi alizosimuliwa na Wahadzabe. Sehemu kubwa ya alivyokusanya ilikwenda Tübingen. Kabla yake, mwaka 1913, Hans Reck alikuwa amechimbua mifupa ya binadamu Olduvai, akitokea Tendaguru, Lindi, kulikochukuliwa mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa Berlin. Fuvu la Olduvai lilihifadhiwa Munich. Ni ajabu kidogo kwamba wilaya inayojulikana duniani kwa kuwa karibu na chimbuko la binadamu inalazimika kuvuka bahari ili isome hadithi za bibi na babu zake.

Karatoni, mchangani na Berlin

Majalada ya Kijerumani yaliyoko Dar es Salaam yamepona kwa bahati na kwa jitihada. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipokaribia, utawala wa Kijerumani ulihamishia karatasi zake bara, na nyingine zikafukiwa ardhini Tabora. Waingereza walizifukua baada ya vita. Karatasi nyingi za vituo vya wilaya, ambazo ndizo zingeeleza maisha ya kila siku ya mahali kama Mbulu, zilichomwa au kupotea. Baada ya Uhuru, Tanzania iliweka sheria ya nyaraka za taifa mwaka 1965, na kati ya mwaka 1967 na 1969 wataalamu kutoka Ujerumani Magharibi walishirikiana na wenzao wa hapa kuyapanga majalada hayo na kuyaandalia orodha. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Wananchi wengi wanajua kuwa Ngorongoro ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1979. Wachache wanajua kuwa majalada yanayohusu historia yake nayo yana hadhi ya kimataifa.

Hadhi hiyo haiyafanyi yasomeke. Sehemu kubwa imeandikwa kwa Kijerumani cha mkono, kwa herufi za zamani ambazo Wajerumani wa leo wenyewe huzisoma kwa taabu. Kuna barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mtindo uliokuwa wa kawaida kwa maakida na makarani wa pwani. Karatasi za zaidi ya miaka 100 hukatika zikifunuliwa. Majina ya mahali yameandikwa kwa namna ambayo kompyuta haiwezi kuyatafuta bila msaada: Wairaqw wanaonekana kama watu wa "Iraku", Ziwa Eyasi linaitwa "Njarasa". Mtafiti kijana kutoka Karatu anaweza kupitia orodha nzima asione kwao.

Upande wa Ujerumani kumbukumbu zilipata pigo kubwa zaidi. Hifadhi ya nyaraka za jeshi iliyokuwa Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945, na humo zilikuwamo karatasi za jeshi la kikoloni. Zilizobaki ni hasa za Wizara ya Makoloni, ambazo sasa zinatunzwa Berlin na zimewekwa kwa wingi mtandaoni. Matokeo yake ni kwamba majalada ya Dar es Salaam, katika mambo kadhaa, ndiyo pekee duniani. Tanzania haiko katika nafasi ya kuomba tu. Inacho ambacho wengine hawana.

Umuhimu wa jambo hilo umeonekana katika suala la mabaki ya binadamu. Mwaka 2023 mamlaka ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya mafuvu 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Mafuvu 202 yalibainika kuwa yalitoka katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Kwa machache ya eneo la Kilimanjaro vipimo vya vinasaba vilifanyika, na ndugu walio hai wakapatikana, wakiwamo wa mshauri mmoja wa Mangi Meli. Vipimo hivyo havikuanza hewani. Vilianza na daftari la makumbusho, barua ya ofisa aliyepeleka sanduku, na jina la mahali ambalo lilipaswa kutafsiriwa na mtu anayelifahamu. Novemba 1 mwaka huo huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji. Radhi hiyo ilipokewa kama hatua, na familia nyingi zikasema kuwa zinasubiri mabaki ya wazee wao.

Kenya inatoa mfano mwingine wa nguvu ya karatasi. Wazee waliokuwa wafuasi wa Mau Mau walipoishtaki Serikali ya Uingereza kwa mateso, ilibainika mwaka 2011 kuwa maelfu ya majalada yaliyoondolewa katika makoloni 37 wakati wa uhuru yalikuwa yamefichwa katika jengo la serikali la Hanslope Park. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Miongoni mwa majalada yaliyohamishiwa hifadhi ya London baada ya hapo yamo pia ya Tanganyika. Yanafunguliwa kwa yeyote anayefika, na yanastahili kusomwa na Watanzania wengi zaidi ya wanaoyasoma sasa.

Waraka wa 1958 na tume za sasa

Kwa Ngorongoro, thamani ya nyaraka haiishii katika enzi ya Wajerumani. Aprili 21, 1958 wazee 12 wa Kimasai waliweka alama zao kwenye waraka ulioandikwa kwa Kiingereza, wakikubali kuondoka Serengeti. Mwaka uliofuata sheria iliunda Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, ambamo binadamu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Agosti 1959 Gavana Richard Turnbull aliliambia Baraza la Shirikisho la Wamasai kuwa pindi maslahi ya watu na ya wanyama yatakapogongana, ya watu yatatangulizwa. Maneno hayo yanakumbukwa Ngorongoro mpaka leo, na vijana wasiojua sura ya gavana huyo huyarudia.

Upande wa pili, hali ya mwaka 1959 si ya sasa. Wakazi waliokadiriwa kuwa 8,000 wakati huo wamezidi 100,000 kwa takwimu ambazo Serikali imekuwa ikizitaja, na ikolojia ya kreta na tambarare zake imebeba mzigo mkubwa. Mpango wa wananchi kuhamia Msomera, wilayani Handeni, ulioanza mwaka 2022, umeibua mjadala mkali ndani na nje ya nchi. Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa jamii ya Kimasai mkoani Arusha na kutangaza kuunda tume mbili, moja ya kuangalia migogoro ya ardhi Ngorongoro na nyingine ya kutathmini zoezi la kuhama kwa hiari. Tume hizo zilizinduliwa Februari 2025.

Katika mjadala wa namna hii kila upande hushika karatasi yake. Anayesema wananchi waliahidiwa hutaja hotuba ya 1959. Anayesema uhifadhi ulikubaliwa hutaja sahihi za 1958. Waraka mzima, pamoja na barua zilizotangulia, mihtasari ya vikao na maelezo ya waliotafsiri, hutajwa na wachache. Kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, nyaraka za umma hufunguliwa baada ya miaka 30. Za 1958 zimefunguka zamani. Kuziweka zote mezani, kwa Kiingereza zilivyoandikwa na kwa Kiswahili na Kimasai ili waliotajwa ndani yake wajue kilichosemwa kwa niaba yao, hakungemaliza ubishi wa leo, lakini kungeuondoa katika hali ya kila mmoja kunukuu mstari mmoja.

Zipo hifadhi nyingine ambazo watu hawazifikirii. Henry Fosbrooke, ofisa wa Kiingereza aliyefanya kazi Umasaini kwa miaka mingi na baadaye kuwa mhifadhi wa Ngorongoro, aliacha karatasi zake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vitabu vya wilaya ambavyo mabwana shauri wa Mbulu na Umasaini waliviandika mwaka hadi mwaka vina habari za koo, mvua, njaa na kesi za malisho. Vina dharau pia, na msomaji hana budi kuisoma kama dharau. Ofisa aliyeandika kuwa watu wa mahali fulani ni wavivu alikuwa mara nyingi anaandika kuwa wamekataa kazi ya kulazimishwa.

Kazi ya kuunganisha karatasi na kauli za wazee ina mahali pa kuanzia. Jiopaki ya Ngorongoro Lengai, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018, inahusisha wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli, na kwa ushirikiano na China makumbusho ya urithi wa jiolojia yamejengwa Karatu. Miamba itapata maelezo yake. Katika eneo lenye volkano hai, nyayo za Laetoli na magofu ya Engaruka, ni rahisi historia ya miaka 130 iliyopita kuonekana ya jana na kukosa ukuta wa kutundikiwa. Nakala za majalada yanayohusu Mbulu, Oldeani na kreta zingeweza kuwekwa hapo, karibu na wenyewe, badala ya kumtaka mzee wa Endamarariek au Nainokanoka asafiri hadi Dar es Salaam kumtafuta babu yake ndani ya karatasi ya Kijerumani.

Ni mazingira adimu kwa kazi kama hiyo. Kuzunguka Ziwa Eyasi na nyanda za Mbulu wanaishi majirani wenye lugha zisizo na undugu: Kiiraqw ni ya Kikushi, Kidatoga na Kimasai ni za Kinilo, Kihadza haijathibitishwa kuwa na ndugu popote, na Kiswahili, cha Kibantu, ndicho kinachowawezesha kuuziana vitunguu na mbuzi mnadani. Kila lugha imeyahifadhi mambo ya karne hiyo kwa namna yake, katika nyimbo, majina ya rika na majina ya mabonde. Rika la wale ambao babu zao waliuona mwaka 1892 kwa macho yao liko ukingoni. Kinasa sauti na mtu anayejua kuuliza ni gharama ndogo ukilinganisha na bajeti ya kukarabati jengo.

Kwenye ukingo wa kreta, mahali ambapo magari husimama ili wageni wapige picha, upo mnara wa Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na baba yake Bernhard, aliyezikwa hapo mwaka 1987. Walistahili kukumbukwa kwa walichofanya kuutangaza uhifadhi duniani, na jiwe lao linasomeka vizuri. Kilomita chache chini yake, kando ya mto Munge, mawe ya Siedentopf yanaendelea kumeza nyasi. Waliofika kambini kwa Baumann wakitambaa Machi 1892 walizikwa, kama walizikwa, mahali fulani kati ya mnara huo na mawe hayo. Mgeni hupata habari zao akibahatika kuwa na mwongozaji aliyezisikia kwa bibi yake.